Waksi kila Jumamosi kwa gari jipya?

"Shikamoo fundi. Nimechukua Harrier nyeusi, ya mwaka 2016, namba E, ilishuka bandarini mwezi wa tatu. Ilifika inang'aa mpaka unajiona uso. Ninaishi Kigamboni, karibu na bahari, na gari linalala nje chini ya mkungu kwa sababu ndipo penye kivuli. Kijana anayenioshea anasema lazima nipake waksi kila Jumamosi, la sivyo rangi itapauka. Jirani yangu ananiambia nisiguse chochote mpaka miezi sita ipite, eti rangi ikomae kwanza. Kuna duka wanataka laki tisa wanipake seramiki, utando wa kukinga rangi, wanasema ni 9H, haikwaruziki, dhamana miaka mitano. Sasa boneti ina alama tatu za kinyesi cha ndege ambazo hazitoki hata kwa sabuni, na nikisimama juani naona mistari ya duara duara kila upande ambayo naapa haikuwepo. Nifanye nini, na nianze na lipi? Sina hela ya kuchezea."

Marahaba, dada, na hongera kwa usafiri. Ukiweka pembeni maneno ya kijana, ya jirani na ya duka, swali lako linabaki moja: ni kitu gani hasa kinachoua rangi ya gari, ili hela uliyonayo iende huko? Jibu umeshaliandika mwenyewe pale mwishoni, kwenye ile mistari ya duara. Mistari ile haiji kwa kukosa waksi, wala si jua la Kigamboni. Inaletwa na kuoshwa. Gari likioshwa vibaya kila wiki, kila wiki linaongezewa mikwaruzo midogo, na hata ukilipaka seramiki ya laki tisa leo, mistari itarudi kwa mkono ule ule.

Tuanze na rangi yenyewe, maana ukiijua ilivyo utajijibu maswali mengi bila mimi. Kiwandani bodi tupu huzamishwa kwenye birika la rangi ya msingi inayovutwa na umeme ili ishike kila kona ya bati. Hapo ndipo kinga halisi ya kutu ilipo. Juu yake inakuja praima, kisha rangi yenyewe, ule weusi wako, na mwisho tabaka angavu lisilo na rangi ambalo sisi mafundi tunaliita klia. Tabaka zote hizo kwa pamoja kwa kawaida ni maikroni 100 hadi 150 hivi, yaani karibu na unene wa karatasi moja ya kuandikia, au zaidi kidogo. Klia peke yake ni kama 40 tu. Mng'ao wote unaouona uko humo, na dawa ya kuzuia miale ya jua nayo imechanganywa humo humo. Unapokwaruza gari kidogo, unakwaruza klia. Fundi anaposaga ili kuondoa mikwaruzo, anachofanya ni kuishusha klia mpaka usawa wa chini ya mkwaruzo. Haiongezeki tena. Ikiisha juu ya paa na boneti utaona mabaka meupe yanayobanduka, na hapo hakuna waksi wala polishi itakayosaidia. Ni kupaka rangi upya.

Jirani yako amesikia jambo la kweli akaliweka pasipo pake. Rangi ya kiwandani huokwa kwenye tanuri kwa nyuzi 140 hivi za Selsiasi, kabla gari halijafungwa hata viti. Likitoka pale rangi imekomaa, hakuna cha kusubiri, hata kwa gari la kilomita sifuri kutoka dukani. Rangi inayohitaji kusubiriwa ni ya gereji. Fundi wa mtaani hawezi kuingiza gari lenye nyaya, plastiki na mafuta kwenye joto la namna ile. Anakausha kwa nyuzi 60 kama ana tanuri, na kwa upepo na jua kama hana. Kemikali za kuyeyushia rangi huendelea kutoka taratibu kwa wiki kadhaa, na ukizifungia mapema unaweza kupata ukungu au vimapovu. Kwa rangi hiyo watengenezaji wengi hushauri usubiri siku 30 hadi 90 kabla ya kupaka kinga yoyote.

Sasa, gari lako ni jipya kwa Dar, lakini Japani lilishaishi maisha yake. Inawezekana kabisa kuna mlango au madigadi iliyopakwa rangi upya, huko au hapa baada ya kushuka melini. Muombe aliyekuagizia karatasi ya mnada wa huko Japani. Ina mchoro wa gari lililotandazwa, na juu ya mchoro kuna herufi na namba. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, S ni kutu, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni sehemu iliyobadilishwa. Namba inayofuata herufi ni ukubwa wa tatizo: A1 ni mkwaruzo mdogo, A3 si mdogo. Ukiona W au XX, ujue eneo hilo halina rangi ya kiwandani, na fundi yeyote atakayeshika gari lako anapaswa kuambiwa. Karatasi ikikosekana, fundi makini ana kipimo cha unene wa rangi, kidude kidogo kinachogusishwa bodini kikasoma maikroni. Ikisoma 120 kila mahali kisha mlango mmoja ukasoma 280, mlango huo umepakwa. Ikipanda mpaka 800 na kuendelea, chini kuna puti, ile dawa ya kujazia sehemu zilizobonyea.

Kabla sijamgeukia kijana wako, nimtetee kidogo. Umesema unaapa mistari haikuwepo. Huenda mingine ilikuwepo. Magari yanayouzwa mara nyingi hupigwa polishi ya haraka yenye mafuta yanayojaza mikwaruzo ili rangi ionekane safi, na mafuta hayo yanaondoka baada ya kuoshwa mara chache. Gari likaanza kusema ukweli wake. Halafu weusi hauna siri: mikwaruzo ile ile kwenye gari la fedha usingeiona. Na ukikuta kwenye kibati cha utambulisho, pale palipoandikwa C/TR, kwamba namba ya rangi ni 202, hiyo ni nyeusi ya Toyota inayojulikana kwa mafundi kwa ulaini wake. Kuna wanaoigusa kwa kitambaa kikavu tu na kuacha alama.

Lakini waksi kila Jumamosi, hapana.

Waksi ni utando mwembamba mno unaokaa juu ya klia. Kazi yake ni kupokea uchafu, kinyesi, chumvi na maji machafu kwanza, uondoke wenyewe badala ya klia. Pia inafanya uso uteleze, vumbi lisishike sana na kitambaa kisiburute. Basi. Haiongezi unene wa maana, haizuii kokoto, na kuhusu miale ya jua mchango wake ni mdogo sana. Kazi hiyo inafanywa na dawa iliyomo kwenye klia, na zaidi ya hapo ni kivuli. Kwa hiyo anayekwambia bila waksi ya kila wiki rangi itapauka, amechanganya mambo. Magari yanayopauka mapema ni yale yanayolala juani miaka, na yale yaliyosagwa sana.

Waksi ya asili, ile ya nta ya kanauba inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende kaskazini-mashariki mwa Brazili, huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86. Boneti nyeusi juani saa nane mchana inaweza kupita nyuzi 70. Haiyeyuki kabisa, lakini inachoka upesi: kwa hali ya hewa yetu ihesabie mwezi mmoja, mmoja na nusu. Inapendeza, weusi unapata kina ambacho nyingine hazitoi, na wanaoipenda nawaelewa. Kwa matumizi ya kila siku mimi ningekupa waksi ya sintetiki, ya polima, ambayo hukaa miezi mitatu hivi hata kwa gari linalolala nje. Mara nne kwa mwaka inatosha.

Shida ya kila Jumamosi si waksi yenyewe ila kilichomo kwenye kopo. Nyingi za bei rahisi ni waksi na polishi kwa pamoja: zina chembe za kusugua ndani yake. Ndiyo maana gari linang'aa ghafla, limeshasagwa kidogo bila wewe kuambiwa. Mara moja kwa mwaka si neno. Mara hamsini kwa mwaka unamaliza klia kwa hela yako mwenyewe. Chukua kiasi cha punje ya mchele kwenye vidole viwili na usugue: ukihisi kamchanga kembamba, au kopo likisema linaondoa mikwaruzo, hiyo si ya kupaka mara kwa mara. Na zile chupa za mchuuzi wa kwenye foleni, anazokupakia kipande cha boneti ukiwa umesimama, mara nyingi ni mafuta tu, na kitambaa alichokipitisha juu ya vumbi lako kavu kimeshakuachia alama kabla hujafungua pochi.

Hapa nitakaa zaidi kidogo, kwa sababu hapa ndipo pa kuokoa gari.

Vumbi la barabara zetu limejaa chembe za mchanga, na mchanga kwa sehemu kubwa ni madini ya kwazi, magumu kuliko klia yoyote. Mwangalie anayekuoshea. Anamwagia gari maji kidogo, anachovya tambara kwenye ndoo yenye povu la sabuni ya unga, anaanza na rimu au chini ya milango kwa sababu ndipo penye tope, kisha tambara lile lile linapanda kwenye boneti. Likianguka chini linaokotwa na kuchovywa tena. Chungulia ndoo akimaliza: chini kumetuama mchanga, na kila alipochovya aliuchota na kuupandisha garini. Anazungusha mkono, na mikwaruzo inafuata mkono wake. Umeipata mistari yako ya duara.

Sabuni ya unga si sumu ya rangi kama watu wanavyoitangaza. Haitayeyusha klia yako. Ila inang'oa waksi, na kwa muda mrefu inakausha mipira ya madirisha na plastiki. Kwa hiyo Jumamosi yako inaenda hivi: anaondoa waksi kwa sabuni, kisha anakuuzia waksi nyingine.

Mwite, tena kwa heshima, maana anaijua kazi yake ila hakuna aliyemfundisha hii, na mpatie vifaa vyako mwenyewe ukaviweke kwenye buti. Ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia. Glavu ya maikrofaiba ya kuoshea, taulo kubwa ya maikrofaiba ya kukaushia, na tambara tofauti, la rangi tofauti kabisa, kwa ajili ya rimu na sehemu za chini. Gari limwagiwe maji mengi kwanza, kwa mpira au mashine ya presha, mpaka mchanga ulio juu uondoke bila kuguswa. Hiyo ndiyo nusu ya kazi yote na ndiyo inayorukwa. Kisha paa, vioo, boneti, milango mpaka katikati, na chini mwisho. Glavu ikitoka garini inaingia kwanza kwenye ndoo ya maji matupu, inakamuliwa, ndipo inarudi kwenye povu. Mkono uende mbele na nyuma, usizunguke. Taulo likianguka chini halirudi garini siku hiyo, hata kama linaonekana safi. Na asimalize kwa kupangusa vumbi kavu kila asubuhi eti gari litoke safi; vumbi likikaa limekaa tu, linakwaruza pale linaposuguliwa. Kava la gari nalo vivyo hivyo: ukilitandika juu ya gari lenye vumbi, kila upepo wa bahari unapolitikisa linasugua.

Aoshe asubuhi mapema au baada ya saa kumi na moja jioni, bodi ikiwa ya baridi. Weka kiganja kwenye boneti: kama hakistahimili, usimwage maji. Hii ina sababu yake kwa ninyi mnaotumia visima vya Kigamboni. Maji ya kisima huwa na chokaa na chumvi, na yakikaukia juu ya rangi ya moto yanaacha viduara vyeupe. Watu husema tone la maji linakusanya jua na kuchoma rangi. Si kweli, tone limeketi juu ya rangi yenyewe, mwanga hauna umbali wa kujikusanya. Kinachobaki ni madini. Viduara vipya hutoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, pitisha taratibu, subiri dakika moja, suuza vizuri. Vilivyokaa miezi huwa vimeshaila klia. Msimu wa mvua ukiwa na nafasi, kinga maji ya bati kwenye pipa ukayatumie kwa suuza ya mwisho. Hayana madini hayo na ni ya bure.

Sasa ndege. Kinyesi kina tindikali, hilo linajulikana, lakini tindikali peke yake haielezi kwa nini alama inakuwa mbaya zaidi kwa gari jeusi mchana. Klia ikipata joto inalainika kidogo na kutanuka. Kinyesi kimekauka juu yake kikiwa kigumu. Jioni klia inapoa na kujikaza kufuata umbo la kile kilichoganda juu, na ukikiondoa unabaki na kovu ambalo si doa. Ndiyo maana sabuni haikusaidia: hakuna uchafu pale, uso wenyewe umebadilika. Kwa hiyo muda ni kila kitu. Weka kwenye gari chupa ya maji na karatasi laini. Ukikuta kinyesi, lowesha karatasi, iweke juu yake dakika tano, kisha inua kwa kukunja, usisugue, maana ndani mna mbegu na mchanga. Waksi hapa inakununulia saa chache. Haikununulii siku tatu.

Na huo mkungu, dada, unakupa kivuli kwa mkono mmoja na kukuharibia kwa mwingine. Kunguru wa Dar wanalala juu, popo wanafuata matunda usiku, na majani yake yanatoa maji ya kahawia yanayodoa. Mwembe ungekuwa mbaya zaidi kwa sababu ya utomvu. Kama una uwezo wa kusimika nguzo nne na kutandika neti ya kivuli au turubai pembeni ya nyumba, fanya hivyo kabla ya seramiki. Hakuna bidhaa ya chupa inayoshindana na kivuli kisicho na ndege.

Kwa zile alama tatu, jaribu hivi kwanza: mimina maji ya moto, si yanayochemka, juu ya alama mara mbili tatu. Joto wakati mwingine huilegeza klia ikarudi usawa na kovu jepesi likapungua. Zisipotoka, polishi laini kabisa kwa mkono, eneo la kiganja tu. Ukipitisha kucha na ikakwama kwenye alama, acha, hiyo ni ya fundi. Usitumie dawa ya meno. Inasugua kweli, ila inaacha uso umefifia na kwenye gari jeusi utaona baka lote.

Tuje kwenye laki tisa. Seramiki ya kweli si uongo. Ni kimiminika chenye silika ambacho kikipakwa juu ya klia safi, vimiminika vyake vinakauka na kinachobaki kinashikamana na klia kuwa utando mgumu. Haiondoki kwa sabuni ya unga, inavumilia joto kuliko waksi yoyote, kinyesi kinapata shida kupenya, na gari linaosheka kwa urahisi. Lakini unene wake kwa kawaida ni kama maikroni moja au mbili. Hauzuii kokoto la lori, hauzuii ufunguo, na tambara lenye mchanga litaukwaruza. Hiyo 9H wanayokutajia inatokana na kipimo cha penseli, ambapo penseli za ugumu tofauti husukumwa juu ya rangi kuona ipi inaacha alama, na 9H ni penseli ngumu ya mwisho kwenye mpangilio. Inamaanisha penseli haikuukwaruza. Mchanga si penseli.

Tena matone ya kisima yakikaukia juu ya seramiki yanaacha viduara vile vile. Na dhamana ya miaka mitano, isome: nyingi zinakutaka urudi dukani kila baada ya miezi kadhaa kulipia ukaguzi, na ukikosa mara moja imekufa. Kwa gari linalolala nje mimi ningehesabu miaka miwili, ikitunzwa.

Sehemu kubwa ya hela ya seramiki iliyofanywa kwa haki ni kazi ya kabla: kuosha, kuondoa vumbi la chuma na vitu vilivyojikita kwenye rangi kwa dawa na udongo maalumu, kusaga mikwaruzo kwa mashine, kufuta mafuta yote, ndipo kupaka. Seramiki inafungia kilicho chini yake, kikiwa mistari ya duara basi mistari ya duara. Waulize duka hilo: mna kipimo cha unene wa rangi, na mtanipimia kabla na baada? Mtasaga mara ngapi? Gari litakaa kwenu siku ngapi? Wakisema lete saa mbili asubuhi uchukue saa sita, hiyo si seramiki ya laki tisa. Waambie wakusafishie nusu ya boneti, kisha ulitoe nje uiangalie juani. Ndani ya duka taa ndefu nyeupe huficha mengi.

Ushauri wangu kwa hali yako: usiende kwao sasa. Mwezi huu nunua vifaa vya kuoshea na mfundishe kijana. Kisha tafuta fundi mwenye kipimo akusage mara moja tu, polishi laini, aondoe mistari mingi bila kufukuza yote. Asilimia themanini inatosha, iliyobaki iache na klia yake. Baada ya hapo paka waksi ya sintetiki. Unaweza kuipaka mwenyewe: bodi iwe ya baridi na kavu, sponji na waksi kidogo mno, madigadi moja kisha mlango mmoja, subiri ifanye ukungu, pitisha kidole na kikiacha njia safi, futa kwa maikrofaiba safi. Usiguse plastiki nyeusi za pembeni, zitabaki na weupe. Nene si bora, inakupa tu kazi ya kufuta. Baada ya miezi mitatu mwagia maji gari safi: yakilala badala ya kujikunja matone, paka tena. Ukifika mwaka mmoja mikwaruzo haijarudi, hapo nitakuamini na seramiki, kama bado unaitaka. Ile plastiki angavu ya kubandika ndiyo pekee inayozuia kokoto kweli, maana ni nene kuliko rangi yote ya gari, lakini bei yake ni ya kuweka kwenye bampa ya mbele na ukingo wa boneti, si gari zima.

Kuhusu bahari, chumvi haili klia. Inakula bati pale kokoto lilipofika chini. Kagua ukingo wa boneti, nyuma ya magurudumu na chini ya milango kila mwezi. Kidoa kilichofika kwenye bati kisafishe kwa spiriti, kikauke, dondoshea praima kisha rangi yenye namba ya gari lako kwa kijiti cha kibiriti. Suuza na chini ya gari pia, hasa ukitoka ufukweni.

Peleka gari kwa fundi ana kwa ana, usisubiri, ukiona rangi imevimba kama kimalengelenge, maana hapo kutu iko ndani. Halikadhalika kingo za klia zinazoinuka, na mkwaruzo unaoonyesha kijivu au chuma. Na pima hivi kabla hujampa mtu mashine: sugua sehemu iliyofichika na polishi kidogo kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikichafuka weusi, mahali hapo hapana klia, ama imeisha ama haikuwekwa tangu mwanzo. Mwambie aanzie hapo kwa kipimo, na kama hana kipimo, mshukuru uondoke na gari lako.